Mshenzi

Mshenzi (wingi: washenzi, pia ushenzi, kishenzi) ni tusi kwa mtu wa tabia chafu, na kutegemea sauti ya msemaji linaweza kuzua ngumi. Asili yake inabishaniwa.

Katika karne ya 19 neno hili lilitaja kwanza atokako mtu. Wapwani waliopanda na misafara kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe na Ujiji walijiita waungwana. Nao wakawaita watu wa bara, wasio Waislamu, washenzi. Dharau haikuzuia malipo: msafara uliopita nchi ya mtemi ulitoa hongo, awe mshenzi asiwe. Tabora, mji ambao wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliufikia Novemba 1857 wakauita Kazeh, pande hizo mbili ziliishi jirani. Wanyamwezi, wenyeji wa huko, nao walikuwa na kipimo chao: Burton aliandika kwamba kwao upagazi ulikuwa jaribio la uanaume. Kijana asiyewahi kuiona pwani alikuwa bado hajakomaa.

Maelezo yanayorudiwa zaidi hulitoa neno hili katika zangi la Kiajemi, ambalo kwa Kiarabu ni zanj, jina la watu weusi wa pwani hii lililotumiwa na mwandishi Mwarabu al-Masudi katika karne ya 10. Kwa maana, yanaingia. Kwa sauti, yanakwama. Kiswahili kilipopokea zabibu na zamani hakikuigeuza z kuwa sh, na jina lenyewe la Zanj limebaki na z yake katika Zanzibar na katika Zenji ya vijana wa Unguja. Anayeshikilia zangi bado ana deni la kueleza hiyo sh. Viambishi m- na wa- havimsaidii yeyote, kwa kuwa Mhindi na Mwarabu nao wanavyo.

Neno mjinga nalo lilianza kwa kutaja atokako mtu: pwani aliitwa hivyo hasa mtumwa mgeni aliyetoka bara, asiyejua lugha wala desturi za mji. Ila hili halijazua ubishi mkubwa.

Walowezi Waingereza wa Kenya walilichukua shenzi kwa mbwa koko na kwa kila kitu duni. Mwaka 1994 filamu ya The Lion King ikampa fisi jina hilo. Watoto wa Marekani walilitamka bila kujua wanatukana.