Ulinzi wa Kahawa ya Runyenjes

Msomaji, ukipita Runyenjes, katika nchi ya Waembu, utaiona mibuni imefuatana kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ukadhani imekuwapo tangu zamani za mababu. Sivyo. Wamisionari waliipanda kahawa Bura, huko Taita, mwaka 1893, lakini kwa miaka mingi Mwafrika wa Kenya alizuiwa kuilima. Walowezi walisema kwamba mashamba madogo yangeeneza magonjwa na kuharibu sifa ya kahawa ya Kenya. Tena waliutaja sana wizi. Mwafrika akiwa na mibuni yake, ni nani atakayeitenga kahawa yake na ile iliyoibwa usiku katika shamba la Mzungu? Hoja hiyo haikuwa ya upuuzi mtupu, maana buni haina alama ya mwenyewe. Lakini dawa iliyochaguliwa ilikuwa kumzuia mtu kwa kosa asilolitenda. (Hawakupenda kutaja kwamba mwenye kahawa yake haji kuchuma ya mwingine kwa ujira mdogo.)

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Serikali iliruhusu majaribio Embu, Meru na Kisii. Kwa nini huko? Kwa sababu ni mbali na mashamba makubwa ya walowezi. Umbali ndio uliokuwa ukuta. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipoufungua mlango zaidi, wakulima walijiunga katika vyama vya ushirika, na kazi ya kulinda ikawa yao wenyewe.

Mwezi Julai 1975 sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, iliunguza mibuni ya Brazili. Bei ikapanda duniani kote, na kahawa ya Uganda ikavushwa kwa magendo hadi soko la Chepkube, upande wa Kenya.

Hatari kubwa huanza buni ikishakauka. Tunda bichi huharibika upesi, halimfai mwizi. Gunia la buni kavu hukaa, nalo huuzika. Ndiyo maana ghala huwekewa mizani, daftari, kufuli na walinzi wa usiku, na gari lichukualo kahawa hutakiwa kuwa na hati ya ruhusa. Mkulima hulipwa baada ya kahawa kuuzwa, mara nyingi kwa mnada wa Nairobi. Gunia likiibwa kabla ya hapo, mnunuzi wa ng'ambo hutafuta jingine. Anayepoteza ni yule aliyepalilia na kuchuma, ambaye karo ya mwanawe ilikuwa ndani ya gunia hilo.