Mabinti wa Nachingwea na Madai ya Elimu ya Wasichana

Katika nchi ya Marambo, jina la Nachingwea hukumbukwa kwa mambo mawili: mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, na kambi ya FRELIMO iliyowafunza wapigania uhuru wa Msumbiji. Jambo la tatu halitajwi sana. Kuanzia mwaka 1967 wanawake vijana walifunzwa hapo, kisha wakavuka Ruvuma si kwa vita tu, bali pia kuwashawishi wananchi.

Mmoja wao alikuwa Josina Muthemba, aliyezaliwa mwaka 1945, ambaye baadaye aliolewa na Samora Machel. Alikataa nafasi ya masomo nchini Uswisi ili ajiunge na Kikosi cha Wanawake. Mwaka 1969 alikabidhiwa Idara ya Mambo ya Jamii. Katika vijiji vya Msumbiji ya kaskazini alisimamia vituo vya watoto na shule, akiwasihi wazazi wawapeleke mabinti darasani kama walivyowapeleka wavulana.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Pande zote mbili za mto, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, msichana aliyetoka unyagoni alihesabiwa kuwa mtu mzima aliye tayari kuolewa. FRELIMO ilizipinga mila hizo waziwazi. Jirani na Nachingwea, huko Masasi, Askofu Mwanglikana Vincent Lucas (1926–1944) alikuwa ameshika njia nyingine: kuzitakasa mila za jando na unyago na kuziingiza katika maisha ya Kanisa. Lakini kwa njia yoyote ile, ridhaa ya mama na makungwi ilihitajika. Hapo ndipo mabinti wa Nachingwea walipokuwa na nguvu: mwanamke kijana aliyesoma, akisimama mbele ya mama wa kijijini, alikuwa yeye mwenyewe hoja iliyo hai.

Josina alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25. Msumbiji huiadhimisha siku hiyo kuwa Siku ya Mwanamke.

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani wajenge shule, za wavulana na za wasichana pia. Yeye aliwaendea watawala. Mabinti hawa waliwaendea wazazi. Mchungaji anayehimiza elimu usharikani hana budi kubisha hodi katika milango yote miwili, maana darasa lililojengwa bila ridhaa ya nyumbani hubaki na madawati matupu ya wasichana.