Ndege Zilizopima Mawingu

Somo la Historia kwa Wanafunzi wa Kisomo cha Watu Wazima, Karagwe na Kyerwa

Leo hatutasema habari za wafalme wala za mipaka. Tutasema habari za kazi, yaani kazi ya mafundi waliotunza ndege za jeshi zilizopanda juu sana kupima hali ya hewa. Labda mtauliza, jambo hilo latuhusu nini sisi wakulima? Sikilizeni mpaka mwisho.

Mkulima hutazama mbingu kabla ya kuanika kahawa yake. Akikosea, mvua humharibia mazao. Jemadari naye hutazama mbingu kabla ya kupeleka askari. Akikosea, watu hufa. Kwa sababu hiyo majeshi yalitaka kujua mambo ya mawinguni kabla ya siku ya safari.

Kwa nini wapande juu? Ninyi mwajua jibu. Mtu akitoka bonde la Mto Kagera akapanda vilima vya Karagwe, huona baridi inazidi. Kwa kila meta 1,000, joto hupungua kama digrii 6. Katika nchi zetu, ukifika kama meta 5,000, maji huganda. Ndiyo maana kilele cha Kilimanjaro, chenye meta 5,895, kina barafu. Mvua hutengenezwa huko juu, basi atakaye habari zake hana budi kuzifuata huko.

Mbingu zetu zilianza kupimwa zamani. Mwaka 1908 wataalamu wa Kijerumani, pamoja na Bwana Arthur Berson, walirusha mabaluni yenye vipimo huku Afrika Mashariki, na hata juu ya Ziwa Viktoria. Waliona ajabu: huko juu sana, juu ya nchi yetu ya joto, baridi ni kali kuliko ile ya juu ya Ulaya.

Baadaye ikaja Vita Kuu ya Pili, mwaka 1939 hadi 1945. Jeshi la Anga la Uingereza liliweka ndege za hali ya hewa katika uwanja wa Eastleigh, Nairobi. Ndege zilizotumika ziliitwa Gladiator. Zilikuwa za namna ya zamani, zenye mabawa mawili mawili, moja juu ya jingine, na sehemu kubwa imefunikwa turubai. Rubani alikuwa peke yake. Alipanda polepole hata kufika kama meta 7,000, akisoma vipimo na kuandika.

Katika nguzo za mabawa vilifungwa vipimajoto viwili. Kimoja kilikuwa kikavu. Kingine kilivikwa kitambaa chenye maji. Fikirini mtungi wa maji nyumbani. Maji yakitoka kidogo kidogo katika udongo na kukauka, mtungi hupoa. Vivyo hivyo kipimajoto chenye kitambaa kibichi hupoa kuliko kikavu. Ikiwa hewa ni kavu, tofauti huwa kubwa. Ikiwa vyote viwili vinakaribia kulingana, hewa imejaa unyevu, na mawingu ni karibu.

Sasa tazameni kazi ya fundi. Kitambaa kikiwa kichafu, kipimo husema uongo. Petroli ikiwa na maji, maji hayo huweza kuganda angani na kuziba mfereji, na injini huzima. Chombo cha hewa ya kuvutia pumzi kikivuja, rubani hulegea kama mtu mwenye usingizi, asijue kwamba anakufa. Fundi hakupanda juu. Alibaki uwanjani, akitazama saa na kusikiliza mlio. Lakini maisha ya rubani yalikuwa mikononi mwake tangu alfajiri.

Kazi hiyo iliwagusa watu wetu pia. Zaidi ya wanaume 80,000 wa Tanganyika walitumikia jeshi katika vita vile, wakiwamo watu wa Jimbo la Ziwa, ambamo Karagwe ilikuwamo wakati ule. Wengi walikuwa askari wa Keya. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma, katika bonde la Kabaw, wakati wa mvua kubwa. Barabara ziligeuka matope. Chakula, risasi na dawa vilidondoshwa na ndege. Mawingu yakifunika vilima, ndege hazikuweza kuona mahali pa kudondosha, na askari walibaki na njaa. Hata hivyo walisonga mbele, na Desemba 1944 wakavuka mto Chindwin huko Kalewa.

Kutoka India, ndege nyingine zilitangulia kupeleleza mawingu hayo. Mojawapo iliitwa Mosquito, maana yake mbu. Ilijengwa kwa mbao na gundi, ikaruka juu kuliko Gladiator. Mwisho wa mwaka 1944 mabawa ya baadhi ya ndege hizo yalivunjika angani. Zikazuiwa kuruka mpaka mafundi wazikague mbao na gundi, kiungo kwa kiungo. Basi, mkate wa askari msituni ulitegemea pia jicho la fundi aliyekuwa mbali, asiyemjua.

Vita vilikuja hata mlangoni petu. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na Novemba yakabomoa daraja la Kyaka. Askari wetu walipojiandaa kuvuka mto, mvua ilikuwa ikinyesha na magari yalizama katika matope. Wapo wazee wanaokumbuka hayo.

Hapa ndipo jambo linapotuhusu. Mafundi wengi wa Uingereza waliandika kumbukumbu zao, na leo twaweza kuzisoma. Askari wa Keya walisimulia jioni kando ya moto, wakafa, na mengi yakazikwa pamoja nao. Wazee wa vita vya 1978 na 1979 wangali nasi, lakini wanapungua kila mwaka. Ninyi sasa mwajua kuandika. Nendeni kwa mzee mmoja, mwamkie kwa heshima, mwulize alifanya kazi gani, alikula nini, mvua ilikuwaje. Andikeni jina la mahali na mwaka. Msiongeze neno lisilo lake.

Maneno ya kujifunza: rubani, kipimajoto, unyevu, gundi, kumbukumbu.

Maswali:
1. Kwa nini kipimajoto kimoja kilivikwa kitambaa chenye maji?
2. Taja makosa mawili ya fundi yanayoweza kumwua rubani.
3. Kwa nini mawingu yaliwaletea njaa askari wa Burma?
4. Katika kijiji chako, ni mzee gani mtakayemwuliza kwanza?

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.