Imani ya Raia na Uwezo wa Dola: Mafunzo ya Katumba na Mishamo kwa Udhibiti wa Akili Unde

Mjadala wa udhibiti wa akili unde nchini Tanzania umejikita katika swali la sheria ipi itungwe. Makala haya yanaanza na swali linalotangulia: kwa nini raia aamini kwamba Serikali ina uwezo wa kuitekeleza sheria hiyo? Historia ya eneo ambalo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Katavi inatoa sehemu ya jibu.

Udhibiti wa mashine si jambo geni. Katika miaka ya 1960 Wizara ya Fedha ilianza kutumia kompyuta. Kazi ya kuhamishia humo hesabu za Serikali ilikwama, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, isipokuwa kwa kibali. Hatua hiyo ilichelewesha maendeleo ya utaalamu, lakini sheria haikuahidi zaidi ya uwezo uliokuwapo.

Katumba na Mishamo kunaonesha hali iliyo kinyume. Makazi hayo ya Mpanda yalifunguliwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi wa mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Kufikia mwaka 2010, takribani watu 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu, Tabora, walikuwa wamekubaliwa uraia, baada ya kuukana ule wa Burundi. Hata hivyo, vyeti vilizuiwa kwa kuwa Serikali ilitaka kwanza wahamie mikoa mingine, mpango uliokwama. Ugawaji ulianza mwaka 2014, sharti hilo lilipoachwa. Kwa muda wote huo, mtu alikuwa raia katika rejista lakini hakuwa na hati ya kuthibitisha.

Akili unde nayo hufanya kazi juu ya rejista. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa raia haki ya kupinga uamuzi uliofanywa na mashine pekee. Kwa mkazi wa Mishamo, haki hiyo itapimwa kwa jambo moja: muda unaopita kati ya kulalamika na kujibiwa na ofisa mwenye mamlaka ya kurekebisha kosa. Ahadi ni deni, na deni la dola lisipolipwa kwa wakati hulipwa na raia.