Msomaji Naye Ana Neno: Nafasi ya Maoni ya Wasomaji katika Historia ya Riwaya

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Je, methali hii inaafiki hali ya riwaya? Yaani, riwaya ikishaandikwa vyema, mwandishi wake hana haja tena na kauli ya msomaji?

Karibu na soko la Gakoromone, mjini Meru, niliwahi kununua nakala kuukuu ya Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyochapishwa mwaka 1996. Pambizoni mlikuwa na miandiko mitatu tofauti. Wa kwanza ulinakili maneno ya mwongozo: maudhui, wahusika, mbinu za lugha. Wa pili uliorodhesha maswali yaliyokisiwa kuwa yangetahiniwa. Wa tatu, wa penseli na wenye haraka, uliuliza jambo moja tu: mbona baba mtu hakumtafuta mwanawe? Nilikuwa nimeisoma riwaya hiyo nikiwa mwanafunzi, nikaisoma tena chuoni, lakini swali hilo sikuwa nimelisikia kwa mwalimu wala kuliona katika mwongozo.

Makala haya yanashikilia kwamba kauli ya aina hiyo, iliyotoka kwa msomaji mwenyewe, ndiyo humjenga mwandishi wa riwaya. Mifano mitatu ya Afrika Mashariki itatumika kuthibitisha hoja hii.

Msomaji mwenye mamlaka: Rosa Mistika

Mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika. Ni kisa cha msichana aliyelelewa chini ya ukali wa baba yake, Zakaria, akakosa mwelekeo alipopata uhuru wa maisha ya shule, na mwishowe akajitoa uhai. Mwandishi aliyataja waziwazi mambo ya mapenzi na uavyaji mimba ambayo wakati huo hayakuzoeleka katika vitabu vya Kiswahili. Riwaya ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania.

Hapa yafaa tujiulize: ni nani aliyekuwa msomaji? Mwenye mamlaka aliisoma akaona ufisadi wa maadili. Wasomaji na wahakiki wengine waliisoma wakaona onyo kwa wazazi wanaodhani kwamba kiboko ndicho malezi. Kitabu ni kilekile, maneno ni yaleyale. Baadaye marufuku hiyo iliondolewa, na riwaya ikasomwa katika shule za sekondari. Hakuna aya iliyobadilika. Waliobadilika ni wasomaji. Mtaalamu wa Ujerumani, Hans Robert Jauss, aliyeasisi nadharia ya upokezi katika miaka ya 1960, angesema kwamba upeo wa matarajio yao ulikuwa umesogea.

Kwa mwandishi, faida ya mjadala huo ni bayana. Kama riwaya ingepokewa kwa kimya, marufuku ingalikuwa neno la mwisho. Kezilahabi hakunyamaza, alitoa Kichwamaji mwaka 1974 na Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, na uwazi wake haukupungua.

Msomaji msahihishaji: Kamĩrĩĩthũ

Mfano wa pili hautoki katika Kiswahili bali kwa jirani zetu wa Gĩkũyũ. Mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika tamthilia ya Ngaahika Ndeenda pamoja na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Rasimu iliposomwa hadharani, wakulima na wafanyakazi waliwasahihisha wasomi hao. Mzee hasemi hivyo mbele ya vijana, walisema. Kibarua wa kiwandani haishi hivyo. Walioitwa kutazama wakawa wahariri. Serikali ilifuta kibali cha maonyesho mwezi wa Novemba, na ilipofika mwisho wa Desemba Ngũgĩ alikuwa kizuizini.

Akiwa katika gereza la Kamiti aliandika, kwenye karatasi za msalani, riwaya yake ya kwanza kwa Gĩkũyũ, Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyotoka mwaka 1980. Ngũgĩ mwenyewe ameeleza jinsi ilivyosomwa: familia zilikusanyika jioni mmoja akiwasomea wengine, wafanyakazi wakasomeana saa ya chakula cha mchana, na baa zikapata wasomaji wao. Msomaji wa baa alikuwa akikiweka kitabu chini glasi ikikauka, mpaka mtu amwagizie kinywaji kingine. Hayo nayo ni mapitio ya kitabu, tena ya kweli kuliko mengi yaliyochapishwa magazetini, kwa kuwa mtu hatoi pesa yake ili asikie kurasa zinazomchosha. Hadhira iliyomkosoa mwandishi mwaka 1977 ndiyo iliyompokea mwaka 1980.

Msomaji aliyempa mwandishi jina: Siku Njema

Turejee Siku Njema. Mhusika mkuu, Kongowea Mswahili, anafiwa na mamake, Zainabu Makame, huko Tanga, kisha anafunga safari hadi Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Riwaya ilipoteuliwa kusomwa shuleni, vijana wengi wa Kenya waliishika. Wasomaji wakamwita Walibora mwenyewe Kongowea Mswahili. Jina hilo lilimwandama hadi alipofariki Aprili 2020, na katika maombolezo wengi waliokuwa wameisoma shuleni walimtaja kwalo. Mwandishi hupata tuzo za namna nyingi, lakini kuitwa na wasomaji kwa jina la mhusika aliyembuni ni tuzo isiyotolewa na jopo lolote.

Hali ilivyo darasani

Kutokana na mifano hii, tunaweza kujiuliza kuhusu vitabu teule vilivyofuata, kwa mfano Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri. Nakala nyingi zilinunuliwa na watahiniwa wengi wakazisoma. Hata hivyo, idadi ya nakala si maoni. Mtahiniwa analazimika kununua. Halazimiki kupenda, na aghalabu hakuna anayemuuliza. Niliwahi kuwataka wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne wanionyeshe sura iliyowachosha katika riwaya teule. Walikaa kimya, kisha wakafungua mwongozo kutafuta jibu.

Kosa hilo ni letu walimu. Tumewafundisha kwamba riwaya haina ila, na wahenga walituonya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwandishi anayesikia sifa tupu atakosa wa kumwambia kwamba mhusika fulani hana uhai au kwamba mwisho umeharakishwa. Ni kweli kwamba msomaji naye hukosea, kama waliopiga Rosa Mistika marufuku. Lakini kosa la msomaji husahihishwa na msomaji mwingine, mradi wote wawili wamesema.

Hitimisho

Mwalimu mwenzangu, kabla hujaugawa mwongozo, waache wanafunzi waandike ukurasa mmoja: kilichowagusa, kilichowaudhi, na swali ambalo wangemuuliza mwandishi. Kila dai liambatane na tukio kutoka kitabuni. Nawe mtahiniwa, usidhani zoezi hili litakupotezea alama. Katika Karatasi ya Tatu, anayekijua kitabu kwa macho yake mwenyewe hababaishwi na swali lililogeuzwa.

Baadhi ya wanafunzi hao watakuwa waandishi, na wengi watakuwa wasomaji, iwapo hatutawafunza kunyamaza. Nakala yangu ya Siku Njema bado ninayo. Swali la penseli sijalifuta. Kila mwaka hulisoma mbele ya darasa kabla ya kusema lolote, nami husubiri jibu.