Bahari Ilikuwepo, Siku Ndizo Zilikosekana

Lincolnshire ni kaunti ya wakulima mashariki mwa Uingereza. Ni viazi, kabeji na ngano kilomita baada ya kilomita, kisha ghafla mchanga na Bahari ya Kaskazini. Mji wake maarufu wa pwani ni Skegness. Maji ni baridi, na upepo hauna adabu. Sasa watu walianzaje kupanga likizo mahali kama hapo?

Usitafute jibu baharini. Bahari ilikuwepo tangu zamani, ila siku za kwenda kuiona ndizo zilikosekana.

Mwaka 1871 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya John Lubbock, iliyofunga benki siku chache zaidi kila mwaka, ikiwemo Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Miaka miwili baadaye, 1873, reli ikafika Skegness. Earl wa Scarbrough, mwenye ardhi, akanusa biashara. Kijiji kikapimwa mitaa, kikawa mji. Wafanyakazi wa viwandani kutoka Nottingham, Leicester na Derby wakaanza kumiminika. Lakini wengi walikuja asubuhi wakarudi jioni. Kupanga likizo kulikuwa kujua treni ya mwisho inaondoka saa ngapi. Ukilala, unalipia chumba, na mshahara wa kesho yake umeenda.

Mwaka 1908 kampuni ya reli ya Great Northern ilimlipa mchoraji John Hassall gini 12, yaani pauni 12 na shilingi 12, kwa mchoro wa bango. Akachora mvuvi mnene mwenye buti akirukaruka ufukweni, na ujumbe kwamba hewa ya Skegness inachangamsha mwili. Yaani baridi ikageuzwa dawa! Nauli ya kwenda na kurudi kutoka London ilikuwa shilingi 3. Na Hassall mwenyewe hakuwa amewahi kufika Skegness. Alikanyaga huko mara ya kwanza 1936.

Hiyo ya Hassall ilinigusa. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na siku hizi nakula kwa kuandika makala za mtandaoni. Kazi nyingine ni kupangia watu likizo: siku ya kwanza fika hapa, siku ya pili tembea pale. Lincolnshire nimeipanga mara kadhaa nikiwa kitandani Umoja, laptop kwenye magoti. Nalipwa kwa idadi ya maneno. Nikiugua, hakuna maneno, na bila maneno hakuna pesa. Wiki ya mapumziko ninayomuuzia msomaji mimi siwezi kuimudu, hata kama ningepewa tiketi ya bure.

Ndiyo maana 1936 inanivutia. Mwaka huo Billy Butlin, aliyezaliwa Cape Town, alifungua kambi yake ya kwanza ya likizo karibu na Skegness. Alikuwa ameona familia zikifungiwa nje ya vyumba vya kukodi mchana kutwa, zikizurura kwenye mvua. Kwake ulilipa kati ya shilingi 35 na pauni 3 kwa wiki kutegemea msimu, chakula na burudani ndani. Alilenga bei inayolingana na mshahara wa wiki. Sawa, lakini kama mshahara wa wiki hii umelipia kambi, nani atakulipa kwa wiki unayokaa kambini?

Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeuliza swali hilo kwa miaka. Mwaka 1938 Bunge likapitisha sheria ya likizo yenye malipo, iliyofungua njia ya wiki moja kwa mamilioni ya watu. Mwaka uliofuata wachimba makaa ya mawe wa Derbyshire wakapata kambi yao Skegness. Kisha vita vikaja, na kambi ya Butlin ikachukuliwa na jeshi la wanamaji.

Mwaka huohuo wa 1939, chini ya himaya ileile, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Wao walikuwa na bahari mlangoni, tena yenye joto. Walichodai ni mshahara na makazi. Kuishi karibu na maji hakujawahi kumpumzisha mtu mwenye njaa.

Leo Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mwajiriwa angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila mwaka. Inasema mwajiriwa. Sisi wa kuandika, wa boda na wa teksi za kwenye simu tunaambiwa ati tumejiajiri. Jina tamu, lakini halina hata Jumatatu moja ya Agosti.

Wiki ile ya Skegness haikuletwa na bango wala na upepo. Watu waliidai mpaka ikaandikwa. Kwa hivyo ukiona mpango wa likizo, uwe wa Lincolnshire au wa Diani, kabla ya kuuliza hoteli na nauli, uliza kwanza: nani analipwa akiwa huko, na nani haendi kwa sababu halipwi?