Muhammed Said Abdulla: Bwana afya aliyemzaa Bwana Msa

Katika kata kama Samuye, kandokando ya barabara itokayo Tinde kwenda Shinyanga mjini, ni watu wachache wanaoingia katika nyua nyingi za watu kama bwana afya. Hupiga hodi, akakagua choo, akachungulia kisima, akauliza nani anaumwa na tangu lini. Wengine humjibu yote, wengine humficha jambo. Jioni hurejea kwake na mengi ambayo fomu ya kazini haina nafasi ya kuyaandika.

Mtu wa kazi hiyo ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa na idara ya afya akiwa mkaguzi. Miaka kumi baadaye aliingia katika uandishi wa habari na kuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, kisha akawa mhariri msaidizi katika Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 alishika uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, na huko alibaki hadi alipostaafu mwaka 1968.

Ni miaka thelathini ya kuajiriwa, na katika miaka hiyo yote hakuna hata mmoja ambao utunzi wa vitabu ulikuwa ndiyo ajira yake. Hadithi iliyomtoa, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Humo mwenye mali anakutwa amekufa penye mzimu, mahali panapoogopwa na watu. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hakimbilii mizimu. Anawasha kiko, anasikiliza, anauliza tena lile alilokwisha kuuliza, na rafiki yake Najum yupo pembeni akistaajabu.

Bwana Msa hulinganishwa na Sherlock Holmes, na ulinganisho huo si wa bure. Lakini anayezitazama kazi za mchana za mtunzi ataona kwamba mpelelezi huyo amefundishwa pia na mabwana wengine wawili. Mkaguzi wa afya haamini aliloambiwa mlangoni mpaka aingie uani. Mhariri naye hupokea habari mbili za tukio moja, akazilinganisha, akauliza ni nani aliyeona na nani aliyesikia tu, kisha akafuta yasiyo na shahidi. Bwana Msa hana cheo cha polisi. Anachokifanya ni ukaguzi na uhariri wa maneno ya watu.

Kazi hiyo iliyomlisha mtunzi ndiyo pia iliyomla muda. Tangu 1960 mpaka kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, ni miaka minane, na kitabu hicho kilitoka mwaka uleule wa kustaafu kwake. Baada ya hapo mwendo ulibadilika: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975 na Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Vitabu vinne katika miaka minne! Ni kweli kwamba mwaka wa kuchapwa si mwaka wa kuandikwa, maana mswada huweza kulala kwa mchapishaji muda mrefu. Hata hivyo tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa. Kosa la Bwana Msa lilifuata mwaka 1984, na mtunzi akafariki mwaka 1991.

Hali hiyo haikuwa ya Unguja peke yake. Arthur Conan Doyle alikuwa daktari Southsea, Uingereza, alipoandika kisa cha kwanza cha Holmes, kilichotoka mwaka 1887. Agatha Christie alijifunza habari za sumu akifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na sumu ndiyo iliyoua katika riwaya yake ya kwanza. Hata alipopata sifa aliandika popote palipokuwa na meza na mashine ya chapa, akiweka mafumbo yake katika madaftari, 73 yamehifadhiwa.

Georges Simenon, Mbelgiji aliyemtunga Inspekta Maigret, aliishi kwa kalamu, na ratiba yake ilikuwa ya kutisha: majina ya wahusika juu ya bahasha, mlango umefungwa, sura moja kwa siku, na kitabu kwisha kwa siku kumi hivi. Raymond Chandler wa Marekani alikuwa mpole zaidi kwa nafsi yake. Alishauri mwandishi atenge saa nne kwa siku. Si lazima aandike, ila asifanye jambo lingine lolote.

Nani katika Tanzania aliyewahi kuwa na saa nne hizo? Elvis Musiba, mtunzi wa Willy Gamba, alikuwa mfanyabiashara na aliongoza chemba ya wafanyabiashara, TCCIA. Ben Mtobwa, aliyemtunga Joram Kiango na kufariki mwaka 2008, alikuwa mwandishi wa habari na mchapishaji. Nao waliandika pembezoni mwa kazi nyingine.

Mali ya hadithi haijakosekana Shinyanga. Almasi ya Mwadui ilivumbuliwa mwaka 1940; penye mawe ya thamani hapakosi mtu wa kuyaficha na mwingine wa kuyatafuta. Bwana afya wa Samuye akiandika ukurasa mmoja kila jioni, siku tano kwa wiki, atafikisha kurasa 120 katika wiki 24. Akianza mwishoni mwa Mei, pamba ikiwa inachumwa, atafika ukurasa wa mwisho katikati ya Novemba, wakulima wakisubiri mvua za kupandia.